Swichi ya Bei Iko Mikononi mwa Nani?

Mkulima wa tangawizi wa Gonja akitaka kujua bei ya Kariakoo, siku hizi huuliza kwa WhatsApp. Ni haraka na ni nafuu. Lakini chombo hicho ni mali ya Meta, kampuni ya Marekani.

Huko Marekani wanabishana: matajiri wachache waachiwe kuamua nani asikike? Januari 2021 Twitter ilimfungia Donald Trump akiwa bado Rais. Oktoba 2022 Elon Musk akainunua kwa dola bilioni 44, na mwezi uliofuata akamfungulia.

Ubishi huo unatuhusu. Oktoba 4, 2021 WhatsApp ilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita kwa hitilafu ya Meta yenyewe. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa hapa nchini kwa siku kadhaa. Swichi moja ya kampuni, nyingine ya dola. Mkulima hana hata moja. Na asiyejua bei huuza kwa bei ya dalali.

Ushauri wetu: vyama vya ushirika viulize bei kwa simu ya kawaida na kuzibandika ubaoni kila siku ya gulio. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.