Kilango cha Nyandarua: Lami au Nyayo?

Mabishano juu ya barabara ya kutoka Ihithe, upande wa Nyeri, hadi Ndunyu Njeru, upande wa Nyandarua, yameandikwa sana katika kurasa za siasa na za biashara. Huku kwetu kwenye ukurasa wa utamaduni hayajafika, na hilo si jambo la kusifu, maana kinachogombaniwa si lami ya kilomita 50 hivi tu. Kinachogombaniwa ni kilango cha mlima, na namna ya mwanadamu kukipita.

Nasema kilango kwa kukosa neno lililozoeleka zaidi. Sisi watu wa pwani tuna maneno tele ya bahari, na pengo la mwamba ambamo chombo hupita twaliita mlango. Pale mlima unapoinamisha shingo ili watu wavuke upande wa pili, lugha yetu imenyamaza kidogo. Basi tuliazime la mabaharia, wenye milima watusamehe.

Safu yenyewe Joseph Thomson aliipa jina la Aberdare mwaka 1884, kumtukuza rais wa chama cha wanajiografia cha London. Wenyeji waliiita Nyandarua, kwa kuwa mgongo wake huonekana kama ngozi iliyoanikwa. Kilele chake kirefu, Satima, kina mita 4,001. Sehemu kubwa ya juu imekuwa mbuga ya taifa tangu 1950, na njia inayoikata ni ya udongo na changarawe, ambayo mvua ikishika hata Land Rover husali.

Serikali yataka kuitia lami. Mapema mwaka 2024 halmashauri ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni yenye masharti. Watetezi wa wanyama wakaenda mahakamani Nyeri, na mahakama ikaamuru kazi isimame kwa muda. Tangu hapo kila upande umekuwa na wasemaji wake, na wanasiasa, kama ilivyo ada yao, wameligeuza kuwa jambo la nani aipenda Nyandarua na nani aichukia.

Tumtendee mkulima insafu kwanza. Anayelima viazi na kabeji Kinangop, au anayekamua maziwa, akitaka kufika Nyeri humlazimu kuizunguka safu nzima, kwa kaskazini kupitia Nyahururu au kwa kusini. Viazi havingoji. Mtu wa mjini anayemwambia mkulima huyo ati avumilie kwa ajili ya mandhari, huyo ana haya chache. Lakini je, dawa ya shida yake ni kupasua mbuga? Wanaopinga wamesema mara nyingi kuwa ziko barabara nje ya msitu ambazo zaweza kutengenezwa, nazo zingepita penye watu, maduka na mashule, si penye nyati.

Maana huko juu hakuna mteja wa matatu. Anayekwea kwa miguu, akiwa na askari wa wanyama mwenye bunduki kama inavyostahili, huacha msitu mkubwa nyuma yake, akaingia kwenye mianzi inayolialia kwa upepo, kisha ghafla miti ikamwisha. Mbele yake ni nyasi za vishungi na lobelia zilizosimama kama watu waliojifunika mablanketi, na ukungu unakuja na kwenda. Pumzi ni fupi. Maporomoko ya Karuru, yenye mita 273, husikika kabla ya kuonekana. Haya yote huyapata yule aendaye taratibu. Mwenye lori linalokimbilia soko huyapata matope ya kioo chake tu. Na ni huko huko wapiganaji wa Mau Mau walikojificha na kutembea usiku miaka ya hamsini, ndege za Mwingereza zikiwamwagia mabomu. Kuvijua vijia hivyo kwa nyayo ni kusoma historia mahali ilipoandikwa.

Tazama wenzetu wa milima ya Alps, ambao lami waliipandisha zamani. Barabara ya Stelvio, Italia, ilijengwa kati ya 1820 na 1825 na watawala wa Austria ili kuifikia Lombardia. Iko mita 2,757 juu ya bahari, na upande wa Prato pekee ina kona 48 za kujipinda kama nyoka aliyekanyagwa. Kazi ya dola ile imekwisha kitambo. Leo watu huijia kwa starehe, na starehe yenyewe imekuwa fujo ya moshi na ngurumo, hata ikabidi kutengwa siku ya mwaka ambapo magari hufungiwa njia na wenye baiskeli wakaachiwa mlima. Jirani zao wa Tirol, Austria, walipofika 2020, walipiga marufuku pikipiki zenye mlio wa kupita desibeli 95 katika baadhi ya njia za wilaya ya Reutte. Na Gotthard, Uswisi, gari moshi lilipitishwa chini ya mlima mwaka 1882, magari yakafuata 1980 katika tundu la karibu kilomita 17. Ile njia kuukuu ya mawe, Tremola, leo yapendwa mno na waendesha baiskeli. Sisemi tuitoboe Nyandarua, fedha hizo hatuna. Nasema wao walijenga, wakajuta kwa kiasi, na sasa walipa gharama ya kuupunguza mshindo. Sisi mshindo haujafika.

Wala isidhaniwe kuwa mgeni hutamani lami. Mbio za baiskeli za Migration Gravel Race, zilizoanza mwaka 2021 huko Mara, huvuta watu kutoka nchi za mbali kuja kula vumbi letu, nao hulilipia. Hell's Gate watu huzunguka kwa baiskeli na kwa miguu kati ya pundamilia na swala. Kwa nini Nyandarua, kwa utaratibu wake na kwa walinzi, isiwe na wageni wa aina hiyo, na vijana wa Ndunyu Njeru wakawa ndio viongozi wa njia na wenye nyumba za kulala?

Mtu wa pwani ataniuliza yamhusu nini. Kwanza, yeye aijua barabara ya Mombasa inavyopita Tsavo, na mizoga anayoiona kando yake alfajiri. Katika Nyandarua yumo bongo wa milimani, ambaye porini amebaki chini ya 100. Pili, mto Gura, unaoteremka kutoka nyasi zile, huingia Sagana, na Sagana ndio Tana. Maji hayo huzungusha mitambo ya umeme ya Masinga na wenzake, hupita Garissa na Garsen, kisha hufika baharini Kipini. Mpunga wa Ozi unakunywa ukungu wa kilango kile. Lakini katika mikutano ya barabara hii, waalikwa wamekuwa watu wa ncha mbili za lami, na Kipini haimo katika orodha.