Muhuri wa Posta ni Shahidi

Wako watu wasemao kwamba barua ni maneno yaliyomo ndani, na bahasha ni ganda tu: likishamenywa, hutupwa. Nasema wamekosa, na kosa lao lina gharama.

Tazameni barua za Uingereza za mwanzo wa karne ya 19, kabla ya stempu ya kwanza kutolewa mwaka 1840. Nyingi hazikuwa na bahasha. Karatasi ilikunjwa, ikafungwa kwa lakiri, anwani ikaandikwa mgongoni, na muhuri wa posta wenye tarehe ukagongwa papo hapo. Leo msomi achunguzaye barua hizo hategemei neno la mwandishi peke yake. Anaye shahidi wa pili asiye na upande. Pwani yetu, miaka ile ile, barua zilisafiri kwa majahazi kwa kufuata kaskazi na kusi, wala Unguja haikuwa na posta mpaka mwaka 1868. Barua ya wakati huo ina tarehe aliyoitia mwandishi mwenyewe, au haina kabisa.

Jambo hili lina uzito gani Kajiado? Lina uzito wa ardhi. Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu ardhi ya wafugaji iandikishwe kwa jina la kundi. Baadaye ranchi nyingi za namna hiyo, ya Kitengela mojawapo, ziligawanywa kwa watu binafsi. Mambo kama hayo huzaa barua: wito wa mkutano, taarifa, madai. Mwenye hila aweza kuandika tarehe ya mwezi uliopita, akadai kwamba alikuarifu mapema. Muhuri wa Kajiado juu ya bahasha ungemsuta. Lakini bahasha iko wapi? Imekwisha kuwashia moto jikoni!

Mtu atajibu kwamba bahasha haithibitishi ni barua gani iliyokuwa ndani. Kweli, ndiyo sababu yafaa ibanwe pamoja na barua yake siku ile ile ifunguliwapo, visitengane tena. Mwingine atasema kwamba siku hizi habari huenda kwa simu. Basi kadiri barua zinavyopungua, ndivyo kila iliyosalia inavyozidi thamani.

Nanyi vijana mkusanyao stempu, wekeni mkasi chini. Mkiikata stempu, mwaikata na tarehe katikati, na nusu ya muhuri haisomeki. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ihifadhini bahasha nzima.