Bonane bila munkoyo, ni sikukuu ya nani?

Tuseme kweli bila kuzunguka. Siku ya Noeli na siku ya Bonane, mpite nyumba kwa nyumba hapa Lubumbashi, tangu Kamalondo mpaka Katuba na Ruashi. Juu ya meza mutakuta kitu kimoja tu: kuku ya frigo iliyotoka ng'ambo, mchele, viazi vya kukaanga, mayoneze na sucré. Mwenye feza anaweka hivyo vyote. Asiye na feza anakopa ili aweke hivyo vyote. Halafu januari inamukuta na deni, na minerval ya mtoto wa sekondari haijalipwa.

Na zile byakula za mama zetu ziko wapi? Noeli ya kwetu Katanga inaanguka katikati ya mvua. Ni wakati bowa inatoka porini na majani ya maboga yangali laini. Mama alipika bowa na kalanga ya kutwanga. Bishimu zilizokaushwa tangu msimu uliopita zililowekwa, kisha zikakaangwa na kitunguu na pilipili. Kuku ya mugini ilikuwa moja tu, na firigisi ilikuwa ya baba. Bukari ilikuwa katikati, mikono yote ikaelekea pale. Munkoyo ulianza kutayarishwa mbele ya siku yenyewe: uji wa mahindi unapikwa, unaachwa upoe kidogo, mizizi iliyopondwa inatiwa ndani, na ule uji mzito unageuka maji matamu. Hakuna aliyekopa ili anywe munkoyo.

Leo ukiweka bishimu mezani siku ya Noeli, mtoto anauliza: «Mama, leo ni sikukuu, na wewe unatupa bishimu?» Tusimulaumu mtoto. Haya hiyo alifundishwa na sisi. Kwa miaka mingi, katika kambi za wafanyakazi za Union Minière na baadaye za Gécamines, familia zilipokea posho: unga, samaki, nyama. Polepole tukazoea kwamba chakula cha mtu wa mjini ni kile kinachotoka kwa gunia na kwa boksi, na chakula cha porini ni cha mtu asiyestaarabika. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines wakaondoka kazini. Posho ikaenda, lakini haya ikabaki. Ndiyo sababu tunasema: hatukupoteza ladha, tulipoteza heshima.

Wengine watatujibu: «Ile ni chakula ya bamaskini.» Basi waende sokoni waulize bei ya bishimu kavu, wataona kama maskini anaweza kujaza kikapu. Na bishimu kavu, nusu na zaidi ya uzito wake ni protini. Mwaka 1997 Profesa François Malaisse, aliyefundisha hapa Lubumbashi, alitoa kitabu kizima juu ya byakula vya msitu wetu. Mgeni ameona utajiri pale ambapo sisi tunaona aibu!

Wengine watasema: «Kila kitu kinabadilika.» Ni kweli, hatubishi. Hata mahindi, kalanga na muhogo vilitoka Amerika, na babu zetu wakavifanya vyao. Sisi hatuchukii cha mgeni. Lakini wao walipopokea kipya hawakutupa cha zamani ndani ya shimo. Sisi tunatupa, tena tunacheka.

Na wengine, hasa bamama, watasema kazi ni nyingi. Hapo tunainamisha kichwa, kwa sababu kutwanga kalanga na kusafisha bowa si mchezo, na mara nyingi sisi wanaume tunakaa nje tukingojea sahani. Kama tunataka chakula cha zamani kirudi, tushike mutwangio sisi pia. La sivyo, tunyamaze.

Hii si habari ya tumbo peke yake. Bowa iko na ile ya kula na ile ya kuua. Anayejua kuzitenganisha ni nyanya, na elimu yake haiandikwi ukutani: inapita kwa mikono, wakati mjukuu amekaa karibu naye anachambua. Sikukuu ndiyo ilikuwa shule hiyo, maana ndiyo siku familia yote ilikuwa nyumbani. Tukiifunga, nyanya atazikwa na elimu yake. Na msitu nao unatusikiliza. Muti wa mutondo unalisha bishimu, lakini mkata makala anaona makala tu. Siku hakuna tena anayetaka bishimu, nani atasimama mbele ya shoka na kusema «huu uacheni»?

Kwa hiyo, hatuombi mtu avunje frigo yake. Tunaomba kitu kidogo: Bonane inayokuja, kila nyumba iweke sahani moja ya zamani mezani, katikati, si pembeni kama kitu cha kuficha. Na anayeipika asiwe peke yake jikoni. Awe na mtoto mmoja kando yake. Kama mtoto huyo atauliza kwa nini bishimu siku ya sikukuu, mujibuni: kwa sababu leo ni sikukuu.