Mnyama wa Pembe Tatu

Wanafunzi wengi huuliza swali hili: "Shuleni twafundishwa habari za wanyama wakubwa walioishi kabla ya mtu, kanisani twafundishwa kwamba Mungu aliumba vyote. Tufuate lipi?" Wazazi wengine huwanyamazisha. Lakini mtoto aliyenyamazishwa hakujibiwa; huenda siku moja akadhani kwamba hana budi kuacha kitabu au kuacha sala. Basi tumjibu, tukimtazama mnyama mmoja wa zamani hizo.

Jina lake ni Triseratopsi, maana yake katika Kigiriki ni uso wenye pembe tatu. Alikuwa mmoja wa jamii ya dinosauri. Aliishi Amerika ya Kaskazini mwishoni mwa zama za Kretasia, yapata miaka milioni 68 hadi 66 iliyopita. Toka mdomo hata mkia alikuwa na meta 8 au 9, na kichwa chake peke yake kiliweza kupita meta 2. Juu ya macho zilisimama pembe mbili ndefu, ya tatu fupi ilikuwa juu ya pua, na nyuma ya kichwa bamba la mfupa lilitanda juu ya shingo kama ngao.

Ijapokuwa alikuwa na silaha hizo, hakula nyama. Mbele alikuwa na mdomo mkali mfano wa kasuku, wa kukatia mimea. Ndani yalikuwa mamia ya meno yaliyosongamana, na jino lililolika lilifuatwa na jingine.

Alijulikanaje? Mwaka 1887 pembe mbili zilipatikana karibu na Denver, nchini Marekani, zikapelekwa kwa mtaalamu mashuhuri, Othniel Charles Marsh. Yeye alidhani ni za nyati wa kale, akazipa jina la nyati. Mwaka uliofuata, huko Wyoming, msaidizi wake John Bell Hatcher alionyeshwa pembe nyingine, ambayo mchunga ng'ombe aliikuta katika korongo. Mwaka 1889 Hatcher alilitoa fuvu lenyewe katika mwamba. Ndipo Marsh alipoona kwamba pembe kama zile zilikuwa za dinosauri, naye akampa mnyama huyo jina alilo nalo mpaka leo. Jina la nyati likaachwa.

Tazameni, wanafunzi: bwana yule mwenye sifa nyingi hakung'ang'ania neno lake la kwanza. Mfupa ulisema ukweli, naye akausikiliza. Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda. Mwenda pole hajikwai.

Na imani, je? Mwaka 1893, miaka minne tu baada ya jina hilo kutolewa, Papa Leo XIII aliandika barua kwa Kanisa lote juu ya Maandiko Matakatifu. Alifundisha kwamba hakuna ugomvi wa kweli kati ya mwalimu wa dini na mtaalamu wa viumbe, kila mmoja akikaa katika mipaka yake. Waandishi watakatifu hawakukusudia kutueleza jinsi vitu vya dunia vilivyoundwa ndani yake, bali mambo ya wokovu wetu. Kitabu cha Mwanzo chatuambia Nani aliyeumba. Miamba yatuonyesha habari za viumbe vyake.

Mnyama huyu hayupo tena. Miaka milioni 66 iliyopita jiwe kubwa mno toka angani liliipiga nchi iitwayo leo Mexico, penye rasi ya Yucatán. Vumbi na moshi vilifunika jua, mimea ikafa, na mla majani mkubwa namna ile akakosa chakula. Pembe zake hazikumfaa kitu.

Basi, akina baba na mama, mtoto akiwauliza habari za mifupa hii, msimkemee. Mwambieni: "Mungu aliyekupa sala ndiye aliyekupa na akili. Soma, mwanangu, kisha uje utufundishe na sisi."