Meneja na Kipimo cha Mvua

Husemwa kwamba mameneja hupuuza takwimu kwa kutojua kuzisoma. Sikubaliani. Mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947, haukukosa wataalamu. Lakini Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na lengo la ekari zaidi ya milioni 3 likapangwa pasipo kwanza kujaribiwa katika shamba dogo. Kiangazi udongo ukawa mgumu kama saruji. Mvua nazo zikapungua. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, takriban pauni milioni 36 zikiwa zimekwisha. Na leo mwalimu asimamiaye shamba la shule huko Kasanda, hata akipima mvua kila siku, atavitumia vipimo vyake iwapo tu wakubwa wake watakubali tarehe ya kupanda ibadilike.