Ombi la ukaazi lisifutwe kwa sababu umeenda kuzika

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi zilinilemea. Leo sigusi hifadhidata wala Linux. Kijana mmoja wa kutoka nyumbani, anayesomea kompyuta huku Marekani, ameniuliza: akipata mwajiri wa kumdhamini, aombe kadi ya kijani akiwa huku huku, ama arudi Nairobi aombee ubalozini? Nilianza kumjibu, jibu likawa refu, basi nimelileta hapa.

Jibu fupi ni: omba ukiwa huku. Fomu inaitwa I-485. Nyumba unabaki nayo, na unaweza kupata ruhusa ya kuendelea na kazi huku ukisubiri. Tena sheria iliyopitishwa mwaka wa 2000 inasema kwamba ombi lililopitia kazini likishakaa siku 180, unaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kuanza upya, mradi kazi iwe ya aina ile ile. Mimi kama mtu wa programu naisifu hiyo. Umebadilisha mashine, na kazi uliyohifadhi imekufuata.

Ila kuna kasoro moja ambayo ningeiandika mimi kazini, ningefukuzwa siku hiyo hiyo. Ukitoka nje ya nchi kabla ya kujibiwa, na huna mkononi kibali cha kutoka na kurudi, unahesabiwa kwamba umeliacha ombi lako. Halisimamishwi likakungoja. Limekwisha, na pesa hazirudi. Ni kama duka la mtandaoni linalofuta oda uliyokwisha kuilipia kwa sababu umefunga dirisha.

Mimi nilituma I-485 Februari 2018, nikalipa dola 1,225 pamoja na za alama za vidole. Nilikuwa bado kwenye ruhusa ya kazi wanayopewa wanafunzi waliomaliza masomo, maana bahati nasibu ya H-1B ilikuwa imenitupa mara mbili. Kibali cha kusafiri huombwa kwa fomu nyingine, I-131, na wakati huo ukiituma pamoja na I-485 hulipi hata senti ya ziada. Sikuituma. Nilijiambia, nasafiri kwenda wapi? Niliituma Aprili, baada ya rafiki kunigombeza.

Juni nyanya yangu akafariki. Ndiye aliyenilea Vihiga tangu nikiwa na miaka minne. Nikapiga simu kuomba kibali cha dharura, nikaambiwa nifike ofisini mwenyewe na barua ya mochari. Nafasi ya karibu niliyopata ilikuwa Jumanne. Mazishi yalikuwa Jumamosi iliyotangulia. Nikamwambia mjomba wasinisubiri, naye akaniuliza, "Kwani umefungwa huko?" Sikuwa na jibu la kumpa mzee. Nilifuata mazishi kwenye simu, mtandao ukikatika kila dakika tano, nikasikia wimbo nusu na hotuba ya chifu nzima. Kadi yenye kibali ilifika Julai.

Kosa la kuchelewesha fomu ni langu, sikatai. Lakini angalieni jambo hili. Mwenye H-1B au L-1, viza yake ikiwa hai na akirudi kwa mwajiri wake, anaruhusiwa kutoka na kuingia bila kibali hicho, na ombi lake haliguswi. Kwa hiyo waliotunga kanuni wanajua kabisa kwamba kupanda ndege si kukata tamaa. Wamewaamini watu wa viza hizo mbili, wakamwacha mwanafunzi, ingawa wote tumejaza fomu ile ile, tukapimwa na daktari yule yule na kutoa vidole kumi vile vile.

Wapo watakaosema mlango wa ubalozi bado upo, aliyetoka aanzie huko. Sawa, ila hiyo ni miezi mtu yuko nje bila mshahara, na mwenye nyumba huku hajali kwamba una msiba. Wengine watasema ni lazima serikali ijue nani ametoka. Inajua! Majina ya abiria hutumwa kabla ndege haijaondoka. Ninachotaka ni kidogo tu: mtu akishatoa alama za vidole, kuondoka kwake kuandikwe kwenye faili, ombi lisimame hadi arudi ama muda fulani upite. Hali moja zaidi kwenye jedwali. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuiandika kabla ya chai ya saa nne.

Hadi hapo watakapoibadilisha, kijana, tia I-131 kwenye bahasha ile ile ya I-485, hata kama huna safari. Tangu Aprili 2024 inalipiwa kando, kwa hiyo weka akiba mapema. Na usisafiri ukiwa na risiti tu, subiri kibali chenyewe. Hata ukiwa nacho, afisa wa uwanja wa ndege ndiye mwenye neno la mwisho, basi tembea na nakala za karatasi zako zote kwenye begi la mkononi.

Wale mlioniuliza kuhusu kuhamisha seva, sijawasahau. Nitawajibu wiki ijayo.