Kadi Ipo, Daktari wa Ngozi Yuko Wapi?

 Tuko huku Uha, kwenye milima yetu ya tangawizi na migomba. Mwezi huu tunaweka pembeni wivu na simu zinazofichwa chini ya mto, tunaongelea ngozi. Najua utasema, ngozi na mapenzi wapi na wapi? Subiri kidogo.

Kila nikikaa na walimu, manesi au watu wa halmashauri hapa Kasulu, na hata nikienda Kibondo, naulizwa swali hilohilo: "Kila mwezi nakatwa bima. Nimeota madoa usoni. Daktari wa ngozi anayepokea kadi yangu nampata wapi?"

Swali ni la haki kabisa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianza kazi mwaka 2001, na mtumishi wa umma huchangiwa asilimia 6 ya mshahara wake: 3 zake, 3 za mwajiri. Bima hiyo ni yako, ya mwenzi wako na ya wategemezi hadi wanne. Sasa kama hela inakatwa kila mwezi, kwa nini ukinunue kile kitube cha dukani kwa fedha ya mboga?

Nikupe mfano. Kuna mwalimu mmoja wa Kibondo, rafiki yangu wa siku nyingi. Aliota baa dogo la mviringo shavuni, linawasha usiku. Akaenda duka la dawa, akauziwa krimu ya mchanganyiko, ile yenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi humohumo. Siku tatu kuwasha kukaisha. Wiki tatu baa limerudi, kubwa kuliko mwanzo, na la pili limetokea shingoni. Akaongeza tyubu nyingine, na nyingine. Shoga mmoja akamletea mkorogo wa kuondoa madoa.

Mumewe naye akaanza kuhesabu. Hela inakwenda wapi? Kwa nini siku hizi analala na kanga shingoni? Kwa nini anazima taa mapema? Mtaani maneno hayakosekani: mtu akiota mabaka, watu wanashakamlia "ule ugonjwa". Ikafika mahali mzee akahamia chumba cha watoto. Hawakugombana hata siku moja. Waliacha tu kuongea. Miezi minne, ndugu yangu!

Haya, tujibu swali. Kwanza, usitafute kibao kilichoandikwa "Daktari Bingwa wa Ngozi" katika kila mji wa wilaya. Mabingwa hao ni wachache Tanzania nzima, na wengi wako kwenye hospitali kubwa za mijini. Lakini kuna watu ambao wengi hatuwajui. Mwaka 1992 pale KCMC, Moshi, kilifunguliwa kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi kwa nchi za ukanda huu. Maofisa tabibu wenye uzoefu husoma pale miaka miwili, ngozi na magonjwa ya zinaa tu, kisha hurudi kuhudumia wananchi mikoani. Kituo kile kilianzishwa kwa ajili ya watu kama sisi tunaoishi mbali na mabingwa.

Kwa hiyo ukifika hospitali ya wilaya Kibondo, au ya mji hapa Kasulu, usiulize "bingwa yupo?" ukajibiwa hayupo ukaondoka. Uliza hivi: "Kuna mtabibu aliyesomea ngozi? Kliniki yake ni siku gani?" Kama hakuna, uliza aliye karibu yuko hospitali gani. Hospitali za misheni nazo, kama Kabanga, usizisahau. Zote uziulize swali la pili: mnapokea kadi yangu, na huduma hii imo?

Swali la pili lina sababu. Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi nchini zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa sababu ya mvutano wa bei mpya za huduma. Watu walifika mapokezi na kadi zao safi, wakarudishwa. Kupiga simu kabla ya kupanda basi hakuna gharama kubwa. Na Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, kwa hiyo taratibu zinabadilika. Walio kwenye CHF nao wasitegemee waliyosikia mwaka juzi, waulize dirisha la bima.

Pili, heshimu ngazi. Ugonjwa ukimshinda mtabibu wa wilaya, anakuandikia rufaa kwenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Kigoma mjini. Ukishindikana hapo, kuna Bugando, Mwanza. Ukiruka ngazi ukatokea Bugando bila fomu ya rufaa, usishangae ukiambiwa ulipe mwenyewe. Na ujue jambo moja: kadi hailipi nauli, gesti wala chakula. Kutoka Kibondo hadi Kigoma mjini ni safari ndefu, unapita Kasulu, na kutoka Kasulu bado karibu kilomita 100. Hilo ni la kupanga wawili mezani, siyo la kukopa kimyakimya kwa shoga.

Tatu, dawa. Ukiambiwa haipo hospitalini, usikimbilie mfukoni. Uliza kama unaweza kuandikiwa uichukue kwenye duka lenye mkataba na Mfuko. Sabuni za urembo na losheni za kung'arisha usizitarajie kwenye kadi.

Mkorogo je? Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini miaka mingi, lakini bado vinapenya. Steroidi nazo ni dawa nzuri mikononi mwa anayejua. Ukizipaka kwenye fangasi bila dawa ya kutosha, zinatuliza kuwasha huku fangasi wakitambaa kwa raha zao. Ukizipaka usoni miezi na miezi, ngozi inakuwa nyembamba, chunusi zinafumuka, mishipa inaonekana.

Kuna mabaka mengine si ya kusubiri hata wiki. Doa lililopauka au jekundu ambalo ukiliguza huhisi kitu, hilo likapimwe ukoma. Usiogope jina. Dawa zake hutolewa bure, hazihitaji hata kadi, na ukianza mapema unapona bila kilema. Na kama nyumbani kuna mwenye ualbino, kidonda kisichopona usoni au shingoni ni cha kumwahisha hospitali.

Sasa turudi kwenye ndoa, maana ndiyo safu yetu. Baadhi ya magonjwa ya ngozi hayatibiki kwa mtu mmoja. Chukua upele. Mke akipaka dawa peke yake na mume akasema "mimi siwashwi", wiki chache baadaye wote wanajikuna. Kanuni ni nyumba nzima siku moja, na shuka, taulo na nguo kufuliwa na kuanikwa juani. Fangasi nao wanapenda taulo la kushirikiana. Kwa hiyo mwenzio akiota baa, swali la kwanza lisiwe "umelitoa wapi?" Liwe "kliniki ni lini, twende wote?"

Yule mwalimu wangu alikwenda na mumewe baada ya kubembelezwa sana na wifi yake. Mtabibu alikwangua magamba kidogo shavuni, akayaangalia kwenye hadubini: fangasi. Akamsimamisha krimu zote, akamwandikia vidonge na dawa moja ya kupaka. Kisha akamgeukia mume. "Na wewe mzee, huna sehemu inayowasha?" Kimya. Mwishowe mzee akafungua mkanda. Kiunoni kulikuwa na baa kubwa kama sahani ya chai. Alikuwa nalo tangu mwaka uliopita, na taulo lao lilikuwa moja!

Walitibiwa wote kwa bima moja. Siku ile wakarudi nyumbani na kununua taulo la pili, na yule mzee akarudi chumbani kwake.

Haya mpenzi msomaji, kadi yako iko wapi sasa hivi? Itoe, kisha wewe na mwenzio mpige simu hospitali yenu kuuliza siku ya kliniki ya ngozi. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.